Askofu Josiah Kibira: jirani yetu wa Bukoba na swali la kanisa lililogawanyika

Ukitoka Nakivale kuelekea kusini, ukapita Isingiro mpaka Kikagati, utafika kwenye daraja la mto Kagera. Ng'ambo ni Murongo, nchi ya Tanzania. Endelea mbele upite Karagwe, nawe utafika Bukoba, kando ya Ziwa Victoria. Katika eneo hilo la Bukoba alizaliwa Josiah Mutabuzi Kibira, tarehe 28 Agosti 1925. Alikuwa mwalimu, akawa mchungaji, akawa askofu, na mwaka 1977 akawa Mwafrika wa kwanza kuchaguliwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, lile shirika ambalo wakimbizi wengi wa Uganda wanalijua kwa herufi LWF. Alifariki mwaka 1988.

Ukurasa huu si wa kanisa lolote. Unasomwa na Waislamu, Wakatoliki, Walokole, na wengine wasiosali popote. Tunakuletea maisha ya Kibira kwa sababu swali lililomsumbua maisha yake yote liko pia Base Camp, Rubondo na Juru. Usharika unaanza chini ya turubai, watu wanakaa pamoja. Baada ya muda wanakuwa makundi mawili, kisha matatu. Ukiuliza sababu utaambiwa ni mafundisho, lakini mara nyingi ukichimba kidogo utakuta kabila, nchi waliyotoka, au ugomvi wa viongozi wawili. Mchungaji afanye nini hapo?

Kibira alizaliwa ndani ya kanisa ambalo mpaka wa wakoloni ndio ulioamua liwe la aina gani. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kugawana nchi zetu kwa mstari unaofuata nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Mstari huo ukapita kati ya watu wanaosikilizana. Mhaya akiongea sokoni Mbarara anaeleweka, na Munyankore akivuka kwenda Bukoba haitaji mkalimani mpaka mambo yawe magumu sana. Waprotestanti wa kwanza wa Buhaya walipata imani yao kutoka Uganda, kwa Waanglikana, na walisoma vitabu vya Kiganda. Wamisionari Wajerumani wa Betheli walipofika mwaka 1910 walikuta watu tayari wanasali. Kwa kuwa upande huo wa mstari ulikuwa wa Mjerumani, watu wale wakaingia njia ya Ulutheri. Ndugu zao wa upande wa Ankole wakabaki Waanglikana. Hakuna aliyekuwa ameketi chini kulinganisha mafundisho ya Luther na ya Canterbury, akachagua.

Halafu vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Wajerumani wakaondolewa, na Wakristo wa Buhaya wakabaki wakijiendesha wenyewe, wakiongozwa na walimu wao Waafrika. Baadaye Wamethodisti wakaja kusaidia, na Wajerumani waliporudi katika miaka ya 1920, watu wakagawanyika: wafuate nani? Kibira alizaliwa katika miaka hiyo hiyo. Kwa hiyo alipokuwa mtu mzima na kusikia watu wakitetea jina la dhehebu kana kwamba lilishuka kutoka mbinguni, alikuwa na sababu ya kutokubali haraka.

(Jina lake, kwa njia, maana yake ni msitu. Warundi wanaosoma hapa wanalijua kutokana na msitu wa Kibira ulio kwao.)

Alisoma Bukoba na Tabora, akawa mwalimu. Kilichombadilisha ni uamsho. Uamsho huo ulianza miaka ya 1930 kati ya Gahini nchini Rwanda na Uganda, ukashika Kabale na Ankole, ukavuka mpaka mpaka Bukoba. Wazee wa Mbarara hawahitaji maelezo kuhusu Balokole. Walitubu hadharani, wakarudisha walivyoiba, wakakiri hata chuki zao za kikabila. Mzungu na Mwafrika, Mhutu na Mtutsi, Muganda na Mhaya walikaa kwenye kikao kimoja wakaitana ndugu, jambo ambalo makanisa yenyewe yalikuwa hayajalifikia. Kijana Kibira aliguswa na uamsho huo mwishoni mwa miaka ya 1940, na hakuuacha tena.

Lakini moto huo huo uliunguza. Waliookoka walianza kuwaona wengine kuwa si Wakristo. Wapo waliokataa kuongozwa na wachungaji waliowaona hawajaokoka. Katika miaka ya 1950 kundi moja huko Bukoba lilitoka kabisa, likaanzisha kanisa lake. Kibira alikuwa mlokole, lakini alibaki ndani. Naona hapa ndipo wito wake wa kichungaji ulipopimwa kwa mara ya kwanza. Kutoka kungekuwa rahisi: waliotoka walikuwa ndugu zake wa rohoni, na waliobaki ndio waliokuwa wakiwacheka Balokole. Mtu anayebaki katikati hupigwa na pande zote mbili. Alichagua kuupeleka uamsho ndani ya kanisa zima, hata kwa wale walioonekana baridi.

Mwaka 1957 alikwenda Ujerumani kusoma theolojia huko Betheli, mahali wale wamisionari wa 1910 walikotoka. Alibarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1960, kisha akasoma Boston, Marekani. Mwaka 1964, kabla hajafikisha miaka 40, akawa askofu wa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi. Alipokea nafasi hiyo kutoka kwa Bengt Sundkler, msomi wa Sweden aliyekuwa askofu wa kwanza wa Bukoba.

Kanisa alilolikuta lilikuwa limeungana juzi tu. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yalikubali kuwa kanisa moja, ambalo leo ni Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, yaani KKKT. Usidhani yalifanana. Moja lilizaliwa na Wajerumani wa Leipzig, jingine na wa Berlin, jingine na Wamarekani, jingine na Wanorwei. Mengine yalikuwa na maaskofu, mengine yaliongozwa na marais. Kila moja lilikuwa na marafiki wake wa Ulaya au Marekani na fedha zake, na kila moja lilikaa sana katika eneo la kabila fulani. Wachaga huku, Wahaya kule, Wasambaa pale. Mkuu wa kwanza alikuwa Stefano Moshi wa Kaskazini, aliyeongoza mpaka alipofariki mwaka 1976. Walichofanikiwa ni kuketi meza moja na kutambua wachungaji wa kila upande. Mambo ya fedha yaliendelea kuwa magumu, nawe unayeishi kambini unajua jinsi fedha ya mfadhili inavyoweza kuwatenganisha watu waliokuwa wakielewana.

Katika miaka hiyo ya 1960 kulikuwa na ndoto kubwa zaidi. Waanglikana, Walutheri, Wamethodisti, Wamoraviani na Wapresbiteri wa Afrika Mashariki walizungumza juu ya kuwa kanisa moja, wakafikia hata kutunga ibada ya pamoja. Ndoto ile haikutimia. Mazungumzo yalififia, na mstari wa 1890 ukaendelea kuamua nani ni Mlutheri na nani ni Mwanglikana.

Mwaka 1974 Kibira alichapisha kitabu cha Kiingereza, Church, Clan, and the World. Humo alilitazama kanisa la Buhaya sambamba na ukoo. Wengi wenu mnajua ukoo ni nini: ndio unaokuzika, unaokusaidia kuoa, unaosimamia shamba lako ukifa. Wahaya na Wanyankore wana hata miziro inayofanana. Wamisionari wengi waliuona ukoo kuwa adui wa kanisa. Kibira aliona mambo mawili kwa pamoja. Ukoo unamfundisha mtu kwamba hawezi kuishi peke yake, na kanisa lisilotoa ushirika wa namna hiyo litabaki jengo la Jumapili. Lakini ukoo pia una mlango, na mlango huo unafungwa. Kanisa likichukua joto la ukoo pamoja na mlango wake, limekuwa ukoo mwingine tu wenye msalaba juu ya paa.

Tofauti hiyo inafaa kufikiriwa hapa kwetu. Ibada ya Kinyarwanda asubuhi, ya Kiswahili saa tano na ya Kirundi mchana si mgawanyiko. Bibi ana haki ya kusikia mahubiri kwa lugha anayoielewa. Ni jambo jingine kabisa pale mchungaji wa kundi moja anapokataa kumzika mtoto wa kundi la pili.

Mkutano Mkuu wa LWF wa mwaka 1977 ulifanyika Dar es Salaam, mara ya kwanza katika bara la Afrika, na ndio uliomchagua Kibira. Fungamano lenyewe lilianzishwa mwaka 1947 huko Lund, Sweden, baada ya Vita vya Pili, wakati Mlutheri mmoja kati ya sita duniani alikuwa mkimbizi au ametoka nyumbani kwake. Wajerumani, Walatvia, Waestonia. Huenda hukuwa unajua kwamba shirika linalohudumia wakimbizi wa leo lilizaliwa na watu wengi waliokuwa wakimbizi wenyewe.

Jambo zito la Dar es Salaam lilikuwa Afrika Kusini na Namibia. Huko Walutheri weupe walikuwa na makanisa yao, na Waafrika yao. Mwaka 1975 makanisa yenye Waafrika wengi ya Afrika Kusini yaliungana, lakini ya wazungu yalibaki nje. Watetezi walisema ni suala la lugha na utamaduni, tena ni siasa, na kanisa lisiingie siasa. Mkutano ulikataa hoja hiyo. Ulitamka kwamba kuwatenga watu kwa rangi ni jambo linalogusa imani yenyewe, na kwamba kanisa haliwezi kukaa katikati. Kibira ndiye aliyepaswa kulibeba tamko hilo kwa miaka saba. Alipomaliza kipindi chake kwenye mkutano wa Budapest mwaka 1984, makanisa mawili ya wazungu ya kusini mwa Afrika yalisimamishwa uanachama kwa kushindwa kuukataa ubaguzi.

Inaweza kukushangaza kwamba umoja unatafutwa kwa kuwatoa watu nje. Mimi pia naona jambo hilo halina raha. Lakini makanisa yale yalikuwa yamekwisha jitenga zamani. Mkutano uliliita jambo kwa jina lake. Hata hivyo karatasi haiponyi kila kitu. Ubaguzi wa kisheria umekwisha, lakini Namibia bado ina makanisa matatu ya Kilutheri, moja likiwa la wenye asili ya Kijerumani.

Akiwa bado rais, vita vilimfikia nyumbani. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakashika eneo lote la kaskazini mwa mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Watu waliuawa, mifugo ikachukuliwa, maelfu wakakimbia kuelekea kusini. Mkoa huo ndio uliokuwa wa Askofu Kibira. Kiongozi wa shirika la kusaidia wakimbizi duniani akawa na waliokimbia makazi katika mkoa wake mwenyewe. Februari 1979 jeshi la Tanzania liliingia Mbarara, na sehemu kubwa ya mji ikabomolewa. Wazee wa hapa wanakumbuka. Wakristo wa pande mbili za mstari, waliosali kwa lugha zinazokaribiana, walikuwa wamebomolewa kwa zamu. Mwaka huo huo wa 1979 LWF ilianza kazi nchini Uganda.

Mwaka huo pia Karagwe ilipata dayosisi yake, ikitoka katika dayosisi ya Kibira. Hapa kugawanyika kulikuwa kwa amani: eneo ni kubwa, na askofu mmoja hafiki kila mahali. Si kila mara inakuwa hivyo. Miaka michache baada ya Kibira kufariki, mgogoro wa dayosisi huko Meru, kaskazini mwa Tanzania, ulifika mahali pa watu wa kanisa moja kuchomeana nyumba, na wengine wakapoteza maisha.

Karagwe ilikuwa pia nyumba ya Wanyarwanda wengi waliokimbia kuanzia mwaka 1959, wakati ule ule wengine walipofika Nakivale. Baadhi yao waliingia Ulutheri wakiwa ukimbizini. Baada ya mwaka 1994 waliporudi Rwanda walikuta nchi ambayo haikuwa na kanisa lao, na mwaka 1995 wakaanzisha Kanisa la Kilutheri la Rwanda. Wengine walishangaa kwa nini waongeze kanisa jingine badala ya kujiunga na yaliyopo. Ni swali la haki, na linaulizwa hapa Nakivale kila mara turubai jipya linapofungwa.

Kama nyumbani kwako kuna mzee aliyepitia Karagwe au Bukoba kabla ya kufika hapa, muulize alisali wapi katika miaka ile, na nani aliwazika watu wao.