Thomas Graham: Mkuu wa sarafu aliyeona metali ikimeza gesi

MNUNUZI wa gesi ya kupikia anajua kuwa mtungi ukishajaa, basi. Lakini mwaka 1866 mwanakemia wa Scotland, Thomas Graham, alionyesha kuwa kipande cha metali ngumu, kisicho na hata tundu, kinaweza kumeza gesi ya haidrojeni mara mamia ya ujazo wake.

Graham alizaliwa Glasgow Desemba 1805. Baba yake, mfanyabiashara wa nguo, alitaka awe mchungaji wa Kanisa la Scotland. Kijana alichagua kemia. Baba alikasirika na kumkatia msaada, ikambidi ajitafutie riziki kwa kufundisha na kuandika, huku mama na dada yake wakimtia moyo.

Mwaka 1830 alipata uprofesa katika Chuo cha Anderson, Glasgow, na mwaka 1837 akahamia University College, London. Kanuni yake ya mwaka 1833, kwamba gesi nyepesi husambaa haraka kuliko nzito, inafundishwa shuleni hadi leo. Majaribio yake ya mwaka 1861 ndiyo yaliyoleta neno dayalisisi, ambalo wagonjwa wa figo wanalifahamu vizuri.

Mwaka 1855 aliteuliwa Mkuu wa Kiwanda cha Sarafu cha Uingereza. Akiwa huko, mwaka 1860 senti za shaba tupu zilianza kuachwa, zikaingia za shaba iliyochanganywa na bati na zinki.

Kazi ya sarafu haikumtoa maabara. Alichukua paladiamu, metali ya thamani inayofanana na fedha, akaitumbukiza katika maji yenye asidi na kupitisha umeme. Haidrojeni iliyotoka majini iliingia ndani ya metali, zaidi ya mara 900 ya ujazo wake. Waya wa paladiamu ulirefuka ukimeza gesi, na ukafupika ulipoitoa. Alijaribu pia utando mwembamba wa paladiamu, uliotengenezwa kwa kupitisha umeme katika mmumunyo wa chumvi yake.

Graham aliamini kuwa haidrojeni yenyewe ni metali, akaipa jina haidrojeniamu. Hapo alikosea. Leo inajulikana kuwa chembe za gesi hiyo hujibana katika nafasi zilizo kati ya atomu za paladiamu.

Alifariki London Septemba 16, 1869. Mwaka 1872 sanamu yake ilisimamishwa Glasgow, mji aliokatiwa msaada na baba yake.

Wanaotafuta nishati isiyo na moshi bado wanafuata njia yake. Paladiamu ni ghali na nzito, hivyo wengi wanajaribu magnesi, ambayo hubeba haidrojeni hadi asilimia 7.6 ya uzito wote. Tatizo ni kwamba huhitaji joto la karibu nyuzi 300 kuitoa, na hewa huiharibu upesi.

Ndipo utando unaposaidia. Kioo safi huwekwa katika chombo kilichoondolewa hewa, kisha gesi kidogo ya agoni huingizwa na umeme kuwashwa. Chembe za agoni hugonga bamba la magnesi, na atomu zinazoruka hutua juu ya kioo, tabaka juu ya tabaka. Mwisho hufunikwa kwa paladiamu kidogo sana, ambayo huikinga magnesi na kuifungulia haidrojeni mlango.

Metali aliyoipima Graham sasa imebaki mlinzi wa mlangoni, na kwa kazi hiyo kidogo tu inatosha.