Shehe Uways wa Barawa: mwalimu wa pumzi

Kwa wengi wetu hapa kitivoni, utulivu wa moyo kwa njia ya mwili ni habari ya yoga: unakaa, unanyoosha mgongo, unafuata pumzi inavyoingia na kutoka. Yoga ni ya Wahindi na ina heshima yake. Lakini Kasongo na Kabambare pana watu ambao wazee wao waliufunza mwili kuuongoza moyo kwa njia nyingine, na njia hiyo ina deni kwa mtu mmoja wa pwani.

Shehe Uways bin Muhammad alizaliwa Barawa, kusini mwa Somalia, mwaka 1847. Ukoo wake haukuwa wa kifalme wala wa kitajiri. Mji wake una lugha yake, Chimiini, ambayo sisi wa isimu tunaiweka karibu na lahaja za kaskazini za Kiswahili. Akiwa kijana alikwenda Baghdad kusoma kwenye kituo cha tarika ya Qadiriya, akapewa idhini ya kuifundisha. Aliporudi aliitwa Zanzibar na Sultani Barghash, na masultani waliofuata nao walimpokea. Alitunga kaswida kwa Kiarabu na kwa Kisomali, kwa kuwa alitaka dini iingie masikioni mwa watu wasio na shule.

Hata hivyo, naona kazi yake kubwa ilikuwa zikri kuliko kaswida. Watu husimama safu au duara, bega kwa bega. Huinama kidogo na kuinuka pamoja, na jina la Mungu hutamkwa kwa kufuata pumzi. Kadiri mwendo unavyoongezeka, irabu hufifia na silabi hupungua, mpaka kinachobaki ni hewa inayotoka kifuani. Mwanafonetiki angesema sauti imepoteza ughuna. Mwenye zikri angesema moyo umekusanyika. Mtu akiwaza shamba lake au deni lake, mwili wake huchelewa, na jirani yake hujua mara moja.

Ndiyo maana mafundisho hayo yaliweza kusafiri bila vitabu. Kabambare ilikuwa kituo kwenye njia ya misafara kati ya Ziwa Tanganyika na Kasongo, na Kasongo ilikuwa makao ya Tippu Tip. Majeshi ya Wabelgiji yaliiteka Kasongo Aprili 1893, na utawala wa waungwana ukaisha. Kiswahili kilibaki, na Uislamu ukabaki. Qadiriya ilifika Maniema kupitia wanafunzi wa wanafunzi, wakati serikali ya kikoloni ikiwatazama Waislamu kwa shaka. Kitabu kinaweza kunyang'anywa, lakini pumzi haina pa kupekuliwa.

Shehe Uways mwenyewe hakufa kitandani. Alipinga wafuasi wa Muhammad Abdille Hassan wa tarika ya Salihiya, ambao walikataa kuwaomba mawalii waliokufa wawe kiungo cha dua. Ugomvi wa maneno ukawa wa silaha. Mwaka 1909 walimvamia huko Biyoley, wakamuua pamoja na wanafunzi wake. Alikuwa na umri wa miaka sitini na kidogo. Kaburi lake lilikuja kuzuriwa.

Nilipokuwa nikinukuu rekodi za zikri kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho wa masomo, ukurasa mzima ulijaa maneno yasiyozidi manne, yakirudiwa. Msomaji wa ukurasa ule angeona umaskini wa lugha. Mzee mmoja wa Kasongo, asiyesoma Kiarabu, alinisimamisha kando yake, akaniwekea mkono mgongoni ili nijue wakati wa kuinama. Hapo nilielewa kwamba matini ile ina sehemu yake mwilini.

Sisemi kwamba zikri ni yoga. Zikri ni ibada, na wenyewe hawatapenda iitwe mazoezi. Ninachosema ni cha fani yetu: tunakusanya tenzi, tunahesabu mizani, tunahifadhi miswada. Wazee wanaojua wapi pumzi hukatwa na wapi mwili huinuka wanapungua kila mwaka. Tukiandika maneno peke yake, tutawaachia wadogo zetu ganda, na aliyoyafundisha Shehe Uways yatakuwa yamepita mbele ya macho yetu bila kuandikwa.