Kanumba, Devil Kingdom na Macho ya Bibi

Juzi hosteli tumebishana mpaka jirani akagonga ukuta. Mwenzangu wa chumba anataka Devil Kingdom itengenezwe upya: picha kali, sauti ya kisasa, waigizaji wa rika letu. Mimi nikaguna. Ili mnielewe, ngoja nianze na mwenye filamu.

Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984, baba Msukuma, mama Mhaya. Shule alianzia hukohuko, akaja kumalizia Dar. Kaole Sanaa Group ndiyo iliyomtoa, kwenye tamthilia za ITV ambazo sisi tulisimuliwa tu na kaka zetu. Mwaka 2006 ikaja Dar 2 Lagos, akaanza kuigiza na Wanigeria, na baadaye Devil Kingdom akacheza na Ramsey Nouah mwenyewe. Ni hadithi ya utajiri unaotoka gizani. Uncle JJ ilikuwa ya kucheka na watoto. Hii haikuwa ya kucheka.

Mimi niliiona Geita, kwenye kibanda umiza: mabati, mabenchi, televisheni moja ya kichogo, na wachimbaji waliotoka shimoni na vumbi lao. Hakuna aliyepiga miluzi. Kwetu mtu analala maskini anaamka na dhahabu, na swali la kwamba kamtoa nani kafara huulizwa kwa uzito kabisa. Kanda ya Ziwa watu wenye ualbino wameuawa kwa imani hizo. Vikongwe wameuawa kisa macho mekundu.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na macho hayo. Ni moshi tu, wa kuni na samadi, miaka yote. Usiku ule niliporudi kutoka kibandani nilikataa kula ugali wake. Hakuniuliza kitu. Alifunika bakuli, akaenda kulala.

Kanumba alikuwa ameshafariki wakati huo. Alifia nyumbani kwake Sinza usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012, ana miaka 28. Umati uliojaa Leaders Club kumuaga bado unasimuliwa, na akazikwa Kinondoni. Hata maiti haijapoa, minong'ono ikaanza: eti Freemason, eti alikuwa anajua kitu. Yule aliyeigiza hofu naye akaingizwa humohumo.

Sasa mwenzangu ananiletea Nosferatu. Ya kwanza Ujerumani 1922, Werner Herzog akairudia 1979, Robert Eggers tena 2024. Sawa, lakini baada ya Nosferatu hakuna kijiji kilichotoka na mapanga kumtafuta jirani mwenye meno marefu.

Na bado sisemi isirudiwe. Filamu nyingi za kipindi kile ziko kwenye diski zilizokwaruzika, na tukinyamaza zitapotea. Irudiwe, ila safari hii anayetisha awe mganga anayeuza jina la jirani yako kwa hela. Huyo tunamjua, ana wateja mchana kweupe.

Mwenzangu anasema hiyo itakuwa semina, si filamu. Nimemwambia likizo aje Geita, tuitafute ile ya zamani tuiangalie kibandani, halafu turudi nyumbani kwa miguu, bila tochi.