John Cooper: Aliongeza injini, hakusahau breki

Kutoka Nyeri mjini hadi Mweiga, gari la injini ndogo likijaa watu hulia kila mlima. Wazo la kulitia injini kubwa huja lenyewe. Mwingereza John Cooper, aliyezaliwa 1923, alilipata zamani.

Mwaka wa 1946, yeye na babake Charles walichukua injini ya pikipiki, cc 500, wakaiweka nyuma ya dereva kwenye kigari cha mbio. Mtindo huo wa injini nyuma ndio uliompa Jack Brabham ubingwa wa dunia 1959 na 1960.

Kisha Cooper akaitazama Mini, gari la kwenda sokoni tu: cc 848, nguvu za farasi 34. Rafiki yake Alec Issigonis, aliyeibuni, hakuwaza mbio kabisa. Cooper akawaendea wakubwa wa kampuni. Mwaka wa 1961 ikatoka Mini Cooper: cc 997, farasi 55, na breki za diski mbele. Toleo kali zaidi, Cooper S, likashinda Monte Carlo Rally 1964.

Cooper alifariki 2000. Basi ukienda kwa fundi kubadilisha injini, muulize na breki. Mlima unaoupanda kwa raha ndio huohuo utakaoushuka.