Colin McRae, dereva aliyeipa Subaru jina Kenya

Kwa mwenye Subaru Impreza ya turbo anayetoka Embu kuelekea Meru kupitia Runyenjes, jina la Colin McRae halihitaji utangulizi. Barabara hiyo ya kona nyingi na mabonde ya mito, mashariki mwa Mlima Kenya, ilikuwa sehemu ya mbio za Safari katika enzi za kale. McRae alikuja baadaye, na ndiye aliyewafanya vijana wengi waitamani Impreza.

Alizaliwa Agosti 5, 1968 mjini Lanark, Scotland. Babake, Jimmy McRae, alikuwa bingwa wa Uingereza mara tano. Kijana huyo alipata ushindi wake wa kwanza wa dunia New Zealand mwaka 1993, na mwaka 1995, akiwa na umri wa miaka 27, akawa Mwingereza wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa madereva. Hata hivyo, sifa iliyomwandama ni ya kuvunja magari. Huko Finland mwaka 1992 alibiringisha gari mara tatu katika mashindano yale yale, na bado akamaliza wa nane.

Wengi hawakutarajia kwamba mtu wa tabia hiyo angetamba Safari, ambako barabara hazikufungwa kwa magari mengine na umbali wa mashindano ulizidi kilomita 1,000. Machi 1997, akiwa na msomaji ramani Nicky Grist, alishinda kwa Impreza, huku Richard Burns wa Mitsubishi akichukua nafasi ya pili. Alishinda kwa kujua wapi pa kukanyaga na wapi pa kuinua mguu.

Hesabu hiyo inamhusu pia mwenye gari la barabarani aliyeiongezea injini nguvu, kwani kiungo cha kwanza kulalamika ni klachi. Kanuni za mashindano wakati huo zilibana hewa ya turbo kwa tundu la milimita 34, hivyo nguvu ya injini ikabaki karibu farasi 300. Msokoto, lakini, ulikuwa mkubwa tangu mizunguko ya chini, na ni msokoto huo, wala si idadi ya farasi, unaoifanya klachi iteleze. Fundi anayeijua kazi yake huuliza habari za msokoto kwanza.

Nguvu ikiongezwa kwa kiasi, presha yenye springi kali zaidi pamoja na sahani ya aina ya kiwandani hutosha, na gari huondoka taratibu. Sahani ya vipande vya seramiki hustahimili joto kali, ila hushika ghafla. Gari hurukaruka likiondoka, adha kubwa kwa anayesimama na kuondoka mlimani siku ya soko. Klachi ya sahani mbili hugawana mzigo bila kuuchosha sana mguu wa kushoto, ingawa bei yake huumiza mfuko. Na kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji sana: klachi isiyoteleza kamwe huusukuma mshtuko mbele, hadi kwenye giaboksi na ekseli. Giaboksi ya kasi tano ya Impreza za zamani inajulikana kwa kuvunjika meno. Anayenunua klachi kali kupita haja yake amehamisha tu mahali pa kuharibikia.

McRae alihamia Ford, na mwaka 1999 akaipa Focus ushindi wake wa kwanza wa dunia, tena hapa hapa Kenya, kwenye gari lililokuwa geni mno kiasi kwamba wachache walilitarajia kufika mwisho. Alishinda Safari mara ya tatu Julai 2002. Huo ulikuwa ushindi wake wa 25 katika mashindano ya dunia, na wa mwisho.

Alifariki Septemba 15, 2007, helikopta aliyokuwa akiiendesha ilipoanguka karibu na Lanark. Mwanawe wa kiume mwenye umri wa miaka mitano na watu wengine wawili walikufa pamoja naye. Alikuwa na miaka 39.

Safari nayo ilikuwa imeondolewa kwenye ratiba ya dunia baada ya ushindi wake wa 2002. Iliporejea mwaka 2021, makao yake yakiwa Naivasha, madereva walishindana kwa takriban kilomita 320, chini ya theluthi moja ya zile alizozimaliza McRae mara tatu akiwa wa kwanza.