Nana Asma'u: Kiongozi Aliyeipeleka Elimu Majumbani

Linapotajwa neno uongozi, fikra zetu hukimbilia upanga na kiti cha enzi. Leo tunamkumbuka bibi ambaye hakushika kimojawapo, na bado wanawake wa vijiji vingi walimfuata.

Nana Asma'u alizaliwa mwaka 1793 katika kijiji cha Degel, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Nigeria. Baba yake, Sheikh Uthman dan Fodio, aliwakemea wanazuoni waliofundisha watu wa nje huku wake na binti zao wakibaki katika ujinga. Yeye alianzia nyumbani kwake, na binti yake akaisoma Qur'ani na elimu za dini mpaka akawa mwanachuoni.

Hakulelewa katika raha. Mwaka 1804, akiwa bado mtoto, alihama na familia yake kwenda Gudu kwa sababu ya uadui wa mfalme wa Gobir. Vikafuata vita, na humo ikazaliwa dola ya Sokoto. Sheikh alipofariki mwaka 1817, uongozi ulishikwa na Muhammad Bello, kaka yake Asma'u, na Gidado, mume wa Asma'u, akawa waziri.

Vita viliacha wajane, mayatima na mateka. Wanawake wengi katika dola hiyo hawakuijua dini, na wenye kulea hawakuweza kuwaacha watoto wakafuata darasa la mbali. Asma'u hakuwalaumu, bali aliwatafutia njia. Mnamo mwaka 1830 hivi aliunda kundi la 'Yan Taru. Wanawake wa makamo na wasichana wadogo walisafiri hadi kwake wakiongozwa na mwanamke aliyeitwa jaji. Walihifadhi mashairi aliyoyatunga kwa Kihausa na Kifulani, kisha wakarudi kuwafundisha waliobaki nyumbani. Zawadi walizomletea aliwagawia wahitaji.

Tuutazame pia ujasiri wake. Kila jaji alivishwa kofia pana ya kusukwa. Huko Gobir, kofia ya namna hiyo ilikuwa alama ya kiongozi wa wanawake wa ibada ya mizimu. Asma'u aliitwaa alama hiyo na kuifanya taji la mwalimu.

Wala cheo hakikumsahaulisha wanyonge. Aliyetunga mashairi ya kuwaomboleza wakubwa wa dola alimtungia pia Zaharatu, mwanamke wa kawaida aliyewahudumia wazazi na maiti. Kwake, huduma hiyo ilistahili kukumbukwa sawa na ushindi vitani.

Alifariki mwaka 1864, na dada yake Maryam akaiendeleza kazi yake. Mwenyezi Mungu amrehemu. Nasi tujiulize: mama aliyeko jikoni kwetu, asiyeweza kuifuata elimu, ni nani miongoni mwetu anayempelekea?