Bwana Lambert na Kodi ya Nyumba

Sisi watu wa pwani tunamjua marehemu H. E. Lambert kwa Kiswahili chake. Ndiye Mwingereza aliyeandika juu ya Kivumba cha Wasini na Vanga, na Chichifundi, na Kijomvu na Kingare cha Mombasa. Na ndiye mwenye Diwani ya Lambert iliyochapwa mwaka 1971, naye keshatangulia mbele ya haki. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya hayo alikuwa Bwana DC huko bara, Embu na Meru. Na kazi ya DC, juu ya zote, ilikuwa kukusanya kodi.

Katika miaka ya 1930 kodi hiyo ilikuwa shilingi 12 kwa kila nyumba kwa mwaka. Karani alihesabu mapaa. Mwenye wake watatu ana nyumba tatu, basi huyo ni tajiri mara tatu, hata kama mbuzi wake wamekwisha kwa ukame. Kijana asiye na nyumba alitozwa kichwa chake. Tuliosoma chuoni tulifundishwa nisabu: mwenye mbuzi 39 hadaiwi zaka mpaka wafike 40. Kodi ya Serikali haikuwa na nisabu.

Lambert alijifunza Kimeru akaketi na wazee. Aliona kwamba mashauri ya nchi yamo mikononi mwa Njuri Ncheke, si kwa machifu waliowekwa na wakubwa, akaipigania baraza hiyo mpaka ikatambuliwa. Kwa kukaa huko alijua pia habari za ardhi. Katika kitabu chake cha mwaka 1950 alieleza taratibu za ardhi za Wakikuyu, Waembu na Wameru, na humo yumo mtu ambaye kwa Kikuyu huitwa muhoi: analima shamba la mwenziwe kwa hisani, na hisani ikiisha huambiwa ahame. Sasa tazama daftari la karani. Mwenye ardhi nyumba moja, muhoi nyumba moja. Shilingi 12, shilingi 12. Sawasawa!

Namheshimu kwa kalamu yake, lakini daftari lile lilikuwa mezani pake.

Kuanzia mwaka 1954 Serikali ilishika kupima mashamba ya wenyeji na kuyaandikia hati kwa majina, na muhoi mara nyingi hakuandikwa. Lambert alikuwa amekwisha rudi kwenye lugha. Kitabu chake cha Kivumba kilitoka mwaka 1957.